Kideri kikipita, kwale ndiye hulipa

Wengi tuliokulia kijijini tulimjua kwale kwa ladha kabla ya kitu kingine chochote. Tulikuwa tunajenga uzio wa matawi usiofika hata magotini, unakatiza kichakani. Kila hatua chache tunaacha kijilango, na kijilangoni tanzi la waya wa breki ya baiskeli. Kwale haruki kama anaweza kutembea. Anaufuata uzio, anaona upenyo, anaingiza kichwa. Jioni mchuzi.

Ndiyo maana kisa cha kwale wa milima ya Udzungwa, Tanzania, hunichekesha na kunitia aibu papo hapo. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini kwenye milima hiyo waliona miguu ya ndege ndani ya chungu, wakashindwa kuitambua. Mwaka 1994 mwenye miguu akapewa jina la kisayansi, Xenoperdix udzungwensis, na ikaonekana jamaa zake wa karibu wako kwenye misitu ya Asia, wala si hawa kwale wetu wa mashambani. Wakasema amegunduliwa. Mpishi alikuwa ameshamgundua, tena na chumvi ameshatia.

Ngome yake ni msitu wa Ndundulu, na mwaka 2007 ukawa sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero. Naunga mkono kwa mikono miwili: msitu ule ni mali ya umma na ubaki hivyo. Jamaa yake mwingine anajulikana kutoka milima ya Rubeho tu. Ndege wa namna hii hana pa kuhamia.

Ila kutangaza hifadhi hakumfikii kwale alipo, yaani chini kabisa, kwenye majani makavu anakochakura kama kuku akitafuta wadudu na mbegu. Mti ukikatwa, picha ya setilaiti itaonyesha pengo. Tanzi haionyeshi. Msitu wenye matanzi mia na usio na hata moja ni kijani kile kile kwenye ramani. Hapo dawa ni miguu ya watu, na mimi ningeajiri vijana wa vijiji vya pembeni, hasa wale wanaotega. Hakuna askari anayejua uzio unapita wapi kuliko aliyeujenga. Enzi zile mngenipata kwa bei rahisi.

Halafu kuna kuku. Kwetu, mwaka ambao kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita na kufagia mabanda ndio mwaka tuliotega zaidi. Mama hakutuuliza nyama imetoka wapi. Chanjo ipo, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na chupa moja ndogo inatosha kuku wa majirani kadhaa. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya hifadhi ile, ningeiandika mstari mmoja tu chini ya mafuta ya gari la doria.