Udongo kabla ya waksi: unasafisha rangi au unaichosha?

Osha boneti, ikaushe, vaa mfuko mtupu wa mkate mkononi, halafu pitisha vidole taratibu. (Mifuko ya rambo ndiyo iliyofaa zaidi kwa kazi hii, ila Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019, kwa hiyo tumebaki na ya mkate.) Plastiki hiyo nyembamba hupunguza msuguano wa ngozi, na hapo vidole vinaanza kuhisi kile ambacho macho hayakuona. Gari limetoka kuoshwa, linang'aa, lakini bodi ina vipele.

Vipele hivyo ndivyo chanzo cha ubishi. Wapo wanaoshikilia kwamba ni dhambi kupaka waksi kabla ya kuving'oa kwa ule udongo maalumu, donge laini la kukandika linalosuguliwa juu ya rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Na wapo, wakiwemo mafundi rangi wazoefu, wanaosema udongo huo ni msasa uliovikwa jina zuri, kwamba kila ukisugua unakula klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, na klia ikiisha hakuna waksi itakayoirudisha.

Kwanza vipele vyenyewe. Vingi vinatokana na breki. Pedi zinapobana diski, chembe ndogo za chuma hukwanguka zikiwa za moto, zikarushwa na kujikita kwenye rangi, yako au ya gari la nyuma yako. Sabuni haizing'oi. Unyevu ukizifikia zinashika kutu, zinavimba na kuzidi kushikilia. Juu yake kuna lami ya barabara mpya, utomvu wa mwembe unaoegesha chini yake, rangi iliyopeperuka kutoka kwa jirani aliyekuwa anapuliza geti, na vumbi la saruji kwa wanaoishi karibu na viwanda.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu magari mengi yanatufikia yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Tanzania inayapokea yaliyozeeka zaidi, ila yanalipiwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo gari "jipya" linaloshuka Mombasa au Dar limeshakula vumbi la breki la barabara za Japani kwa miaka, likakaa yadi, likapanda meli, likashuka likakaa yadi tena. Mwenye nalo anaipaka waksi bodi ambayo huenda haijawahi kusafishwa kwa kina tangu itoke kiwandani.

Gari jeupe ndilo linaloumbuka. Baada ya muda unaona vitone vya kahawia, vingi nyuma ya matairi na kwenye mlango wa nyuma. Mwenye gari anashtuka, anakwenda kwa fundi, anaambiwa kutu imeanza kutoka ndani, suluhisho ni kupiga rangi upya. Hapo ni vizuri kutulia kwanza. Kutu inayotoka ndani huinua rangi: utaona uvimbe, ukiubonyeza unapasuka, na chini yake kuna bati lililoliwa. Kitone cha vumbi la breki ni kidogo mno, kimekaa juu, na rangi inayokizunguka ni nzima. Kuna watu wamelipia gari zima kupigwa rangi kwa tatizo ambalo lingeisha mchana mmoja, na wakabadilisha rangi ya kiwandani, iliyookwa kwenye joto kali, kwa rangi iliyopuliziwa chini ya mti.

Upande unaoutetea udongo una hoja ya msingi. Waksi inataka kugusa rangi. Ukiipaka juu ya vipele, sehemu yake inashika uchafu badala ya rangi, inatoka mapema, na chuma kinaendelea kuota kutu chini yake. Na udongo ukitumiwa ipasavyo unafanya kazi kweli. Unakata kipande cha kuenea kwenye vidole vitatu, unakikanda mpaka kilainike, unakibonyeza kiwe kama chapati ndogo, unapulizia maji yenye shampuu ya gari kwa wingi, kisha unakipeleka mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza. Mwanzoni kinakwama na kutoa mkwaruzo unaousikia. Baada ya kupita mara kadhaa mkwaruzo unakoma, kinateleza. Ukikigeuza unakuta michirizi ya kahawia na vidoti vyeusi. Unakikunja ndani, unatafuta uso safi, unahamia sehemu nyingine. Kikianguka chini, hata kama ulikinunua jana, hicho ni cha kutupa, maana kimeshabeba mchanga.

Upande wa pili nao hauropoki. Udongo huu ulitoka Japani, na hataza ya Marekani aliyopewa Tadao Kodate mwaka 1995 inauelezea waziwazi kuwa ni jiwe la kusagia linalonyumbulika: mchanganyiko laini wenye chembe ngumu ndani yake. Anayekuambia hausugui chochote anakuuzia. Sasa linganisha na kile kinachosuguliwa. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, yaani nusu ya karatasi moja ya fotokopi. Ndani ya unene huo ndimo ilimo kinga ya jua, na jua letu la ikweta halina mchezo. Angalia paa na boneti za magari ya zamani mjini: klia imekuwa nyeupe, inabanduka kama ngozi iliyoungua.

Halafu kuna udongo wa kitabuni na udongo wa mtaani. Kwenye baadhi ya sehemu za kuoshea, kipande kilekile kinazunguka magari yote ya siku, kinasuguliwa saa saba mchana juu ya boneti ya moto, maji ya shampuu yakikauka kabla mkono haujafika mwisho. Hapo mchanga wa Land Cruiser iliyotoka porini unachorwa kwenye Crown nyeusi ya mtu. Fundi anayeuchukia udongo kwa sababu ya kazi za namna hiyo, mimi namwelewa.

Ila pande zote mbili zinatia chumvi. Wa kwanza wanatia chumvi wanaposema waksi bila udongo ni kazi bure. Waksi juu ya bodi iliyooshwa vizuri, hata yenye vipele, bado inafukuza maji, inapunguza makali ya jua na kufanya kinyesi cha kunguru kisishike haraka. Mtu mwenye Probox nyeupe ya biashara, inayorudi kila jioni na vumbi la Goba kule Dar, akipaka waksi mara moja kwa miezi michache bila kugusa udongo amelitendea gari lake mema kuliko jirani anayesubiri siku atakayopata vifaa vyote.

Wa pili wanatia chumvi kwenye hesabu ya klia. Udongo laini wenye maji ya kutosha haukwangui rangi kama inavyodhaniwa. Madhara yake ni michirizi myembamba inayotokana na uchafu unaoburutwa. Kinachopunguza unene kwa kweli ni mashine ya kupigia polishi na kampaundi, yaani dawa nzito ya kusugulia rangi. Na kama mikwaruzo ndiyo hofu, basi sponji iliyookotwa sakafuni na kuchovywa kwenye ndoo ileile iliyoosha magari manne, kila Jumamosi, mwaka mzima, inaharibu kuliko udongo unaotumika mara moja.

Lakini kuna jambo moja ambalo mashabiki wa udongo hawapendi kulijibu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwenye gari jeupe au la fedha ile michirizi haionekani. Kwenye jeusi, la bluu iliyokolea au jekundu, inaonekana vizuri jua likipiga. Maana yake ukianza na udongo lazima umalize na polishi ya kusugua michirizi hiyo iishe, na polishi ndiyo inayokula mikroni za klia. Gharama halisi ya udongo kwa gari jeusi ni udongo pamoja na polishi, siyo bei ya kile kipande peke yake. Anayekupa kifurushi cha "udongo na waksi" kwa gari jeusi bila kutaja polishi, ama hajui ama anajua utakuja kuilipia baadaye.

Ndiyo maana naona mahali pa kuanzia ni dawa ya kuyeyusha chuma, siyo udongo. Ni maji yanayopuliziwa kwenye bodi iliyooshwa. Yakikutana na chembe za breki yanageuka zambarau na kutiririka kama juisi ya zabibu, na harufu yake ni mbaya. Waliowahi kuwekwa kalikiti saluni wataitambua, kwani kiambato chake kikuu ni cha ukoo uleule na dawa ya kukunja nywele. Kinaitoa chembe kutoka kwenye kishimo chake, jambo ambalo udongo mara nyingi hauwezi, kwa sababu udongo hukata kilichochomoza na kuacha mzizi. Ifanye kivulini, bodi ikiwa ya baridi, vaa glovu, usiiache ikakauka, na suuza kwa maji mengi. Hapa pana kikwazo cha kweli: ndoo mbili hazitoshi, inataka mpira wa maji wenye nguvu. Na haiyeyushi kila kitu. Lami inatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha unaosha kwa shampuu. Saruji kavu inalegea kwa siki iliyochanganywa na maji. Ukimaliza hayo, vaa tena mfuko wa mkate. Mara nyingi udongo utahitajika kwenye sehemu chache tu, siyo bodi nzima.

Madoa ya maji ya kisima yasikuchanganye. Dar wengi tunaosha kwa maji ya chumvi, yanakauka juani na kuacha duara jeupe. Likiwa jipya siki inaliondoa. Likishakula klia, udongo hauna msaada nalo.

Yapo magari ambayo ningeyaweka mbali na udongo kabisa. Lililoanza kubanduka klia: udongo utanasa kwenye ukingo na kuvuta kipande kikubwa zaidi. Lililopigwa rangi ya bei nafuu baada ya ajali: mara nyingi rangi hiyo ni laini, na huenda hata klia haina. Fungua mlango uangalie kwenye fremu na raba, ukiona ukingo wa rangi au vumbi lake, jua gari limeshapita kwa fundi. Na la zamani lenye rangi moja isiyo na klia, ambalo ukilifuta kwa kitambaa chenye polishi kinatoka na rangi ya gari: huo ni uamuzi wa mwenyewe, maana kila anachosugua ni rangi yenyewe.

Kwenye vioo sina ubishi na mtu. Kioo cha mbele kikiwa na vipele, waipa zinaruka na kuacha mistari usiku wa mvua, na watu wananunua waipa mpya bure. Hapo chukua udongo uliokwisha kuchafuka kwenye bodi, ukandekande, pulizia maji ya shampuu na usugue. Kioo ni kigumu kuliko rangi, hakina klia ya kuisha, na kile kipande ulichokuwa unataka kukitupa kitamalizia kazi yake hapo, mradi hakikuanguka mchangani.