Mzamiaji Asiyemaliza Hewa

Mpiga mbizi anayeibuka na hewa nyingi mtungini husifiwa, na mara nyingi anastahili. Ametulia, mapezi yanakwenda taratibu, misuli haihangaiki bure, hivyo kaboni dayoksaidi anayozalisha, yaani gesi chafu tunayoitoa tukipumua (chini naiita kaboni tu), ni kidogo. Lakini geji inayoonyesha hewa iliyobaki haimtofautishi na yule anayebana pumzi makusudi ili mtungi udumu.

Wanaotetea ubanaji wana hoja. Mita 30 chini, shinikizo ni mara 4 ya lile la juu ya maji, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara 4. Pia pumzi ndefu ya taratibu husafisha mapafu vizuri kuliko pumzi fupi za harakaharaka, ambazo sehemu kubwa huishia kooni na kwenye mirija. Hapo nakubaliana nao. Ila kupumua taratibu ni jambo moja, kusitisha pumzi ni jingine. Kaboni inatokana na kazi ya mwili, haipungui kwa kuwa mtu yuko kilindini. Ileile inapaswa kutolewa, na sasa kwa hewa nzito mara 4, ambayo kuivuta na kuisukuma ni kazi tosha. Kwenye kina hicho, uwezo wa juu kabisa wa kupumua hushuka hadi karibu nusu.

Kwa kawaida kaboni ikipanda damuni, ubongo humlazimisha mtu apumue zaidi. Miaka ya 1950 Edward Lanphier, mtafiti katika jeshi la majini la Marekani, aliona wapiga mbizi ambao kwao msukumo huo ni hafifu: kaboni inapanda, wao wametulia tuli. Wapo wanaokiita kipaji. Mimi naona ni kengele iliyokatwa waya, maana kaboni huzidisha ulevi wa naitrojeni (akili kulewa kwa naitrojeni ya kilindini) na kukaribisha degedege la oksijeni (kifafa cha oksijeni yenye shinikizo kubwa). Kuumwa kichwa baada ya kuibuka ni dalili nyepesi tu.

Wala si ubanaji pekee unaoua. Januari 2005 David Shaw alifia kwenye pango la Boesmansgat, Afrika Kusini, mita 270 chini, akijaribu kuopoa maiti. Kifaa chake, kinachorudisha pumzi ya mzamiaji ivutwe tena, kilikuwa na kichujio cha kuondoa kaboni. Kazi ilipozidi, mapafu hayakuweza kusukuma gesi nzito kiasi hicho.

Ndiyo maana siku hizi hushauriwa uzito wa gesi inayovutwa usizidi gramu 5.2 kwa lita, na 6.2 ndiyo mwisho. Hewa ya kawaida hufika 5.2 karibu na mita 31. Zaidi ya hapo inatakiwa kuchanganya heliamu, gesi nyepesi, nayo ni ghali. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini asiyeimudu bado anaweza kuishia mita 30.