Yuro Tatu na Senti Sitini

Wiki tatu zimepita na jambo hili bado linanikereketa, bora niliandike nipumue.

Jumapili asubuhi nafungua mlango niende kutupa taka, nakuta bahasha imening'inizwa kwenye kitasa. Ndani mna yuro 3 na senti 60, na kikaratasi chenye neno moja la asante na jina la ukoo. Nikabaki nimesimama kwenye ngazi, mfuko wa taka mkononi, kama mtu aliyetukanwa asijue katukanwa nini.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi sikuwa na zamu, nikapanda treni kwenda Hamburg. Ninaishi kijiji kimoja karibu na Uelzen, kaskazini mwa Ujerumani, na Hamburg ni mwendo wa saa moja hivi. Shida yangu ilikuwa unga wa muhogo, bamia na mafuta ya nazi, na vitu hivyo hutavipata kwa urahisi mpaka ufike Steindamm, ile barabara karibu na stesheni kuu yenye maduka ya watu wa kila pembe ya dunia. Nikamaliza mahitaji yangu, nikapita kwa wauza mikate nikanunua Franzbrötchen nne. Ni kama andazi bapa, lina mdalasini na siagi ya kutosha, ndiyo sifa ya watu wa Hamburg. Ukilila lingali moto utajilamba vidole. Mawili yangu, mawili nikampandishia bibi wa ghorofa ya juu, mjane wa miaka themanini na kitu ambaye tunasalimiana kila siku.

Akafungua, akautazama mfuko, akanitazama mimi. "Nilikuagiza?" Nikamwambia hapana, nimetoka mjini. Akangoja niendelee. Sikuwa na cha kuendelea! Kwetu maneno yameisha hapo: nimetoka mjini. Akaenda kuchukua pochi, nikakataa, tukavutana pale mlangoni, nikashuka nikidhani nimeshinda. Kumbe ananisubiri asubuhi. Na hesabu ni kamili, senti kwa senti. Bei aliijuaje, mwenyewe anajua.

Halafu neno lenyewe hela ni lao. Heller, visarafu walivyotuletea mwaka 1904, mia moja rupia moja. Wao wameshavisahau, sisi ndiyo kwanza tunavidaiana.

Sasa, kabla hamjaanza, maana nawajua: sijasema Wazungu hawana utu. Bibi huyu huyu ndiye anayenipokelea vifurushi nikiwa kazini. Mwaka juzi nilipolala na mafua siku nne aliniwekea chupa ya chai mlangoni, akabonyeza kengele, akapanda zake juu kabla sijafungua. Utu anao, pengine kunishinda. Ninachosema ni kitu kingine, tena kidogo tu. Huku mtu akienda mjini, kaenda yeye. Kwetu mtu akienda mjini, umekwenda mtaa mzima.

Kwetu ni Pangani, na mjini maana yake Tanga. Kwa waliokulia kule miaka ya tisini sina haja ya kuieleza barabara ile. Kilomita 50 hivi, masika yakiingia kila moja inazaa mbili. Safari ya Tanga haikuanza siku ya safari, ilianza jana yake alasiri. Hakuna aliyetangaza kwamba bibi yangu kesho anakwenda mjini, lakini ikipigwa adhana ya alasiri watoto wa watu wameanza kubisha hodi. "Bibi shikamoo. Mama anasema umletee bizari ya pilau, lakini ya lile duka la Ngamiani, asema unalijua, usichukue pengine."

Bibi alisoma chuo, Kurani aliisoma mpaka unapenda, ila kalamu hakuizoea. Orodha yake ilikuwa pindo la kanga. Kila agizo na fundo lake, na hela yake ndani ya fundo. Fundo kubwa la betri za redio za mzee wa nyumba ya mkabala. Kifundo kidogo, noti imekunjwa mara nne, dawa ya kikohozi cha mtoto wa jirani. Kwenye ncha ya pili, peke yake, hela yake mwenyewe ya mkate. Usiku tumelala, mimi miguuni kwake, nilikuwa nasikia vidole vyake vinapita kwenye lile pindo kimoja kimoja, kama anavuta tasbihi, midomo inacheza: betri, dawa, bizari, uzi mweusi, uzi mweupe.

Saa kumi na moja alfajiri honi. Gari lilipita nyumba kwa nyumba, konda anajua nani bado anafunga ushungi na nani kalala. Na kwenda huko hukwendi mikono mitupu. Nazi za shangazi, ndoo ya samaki wa mtu ambaye ndugu yake atakuja kuipokea stendi, na maji ya samaki yanakudondokea kwenye viatu mpaka Tanga.

Mjini kwenyewe tulikuwa tunatembea tu, duka kwa duka, fundo linafunguliwa, fundo linafunguliwa. Adhuhuri bibi alinunua kababu mbili na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, tukakaa kwenye bustani inayotazama bandari, akavua kandambili akaipumzisha miguu kwenye majani. Nilikuwa na miaka saba. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu ya mjini, nusu saa, halafu tunaanza kuhangaikia gari la kurudi.

Na jioni, mkate. Boflo la Tanga limefungwa kwenye gazeti, na sisi watoto tunalinusa tangu gari halijasimama. Bibi alikata vipande vyembamba, ukikiinua kimoja unaiona koroboi upande wa pili, kwa sababu ilikuwa lazima kifike kwa wale wa jirani na wale wa jirani ya jirani. Hakuna aliyeshiba. Mkono mtupu haulambwi, wa bibi ulilambwa mpaka kwenye kiwiko.

Haya, nimeshaisifia. Sasa niseme na lingine, maana nisiposema nitakuwa mwongo.

Kuagizwa ni mateso. Niulizeni mimi niliyesoma sekondari Tanga na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Hela ya agizo haijawahi kutosha, hata siku moja. Unapewa elfu tatu ukanunue kitu cha elfu nne na nusu, na unaambiwa "utaongezea, tutahesabiana". Mama mmoja wa mtaani kwetu alinituma doti ya kanga. Nikaongezea nauli yangu mwenyewe, nikambembeleza konda nikarudi nimesimama, shingo imepinda kwa sababu paa la gari ni fupi. Nafika, namkabidhi, anaifungua, anasoma jina: "Hasidi hana sababu". Kumbe kanga ni ya kumpelekea mkwewe. Nilisutwa mimi, siyo kanga. Na ile buku jero niliyoongezea sijaiona mpaka leo, na mama yule yu hai, mzima, na mwaka jana kanitumia salamu niende na simu.

Kwa hiyo ndiyo, nilipokuwa nimesimama kwenye ngazi na ile bahasha, kuna moyo mmoja ndani yangu ulisema: angalau huyu kalipa.

Najua kuna mtu hapa ameshavuta kiti. "Dada, unasifia dhiki. Kipande cha mkate unachokiona taa ni njaa hiyo, siyo upendo." Sawa. Nimekula mimi, siyo wewe, na njaa naijua ladha yake. Sikusema nataka mwanangu ale mkate wa kuonea taa. Mwanangu anakula boflo zima na siagi juu, na akibakiza ganda namgombeza kwa Kisambaa cha bibi yake mzaa baba, lugha ambayo hata mimi naibabia. Ninachosema ni kwamba juzi kaniuliza, "Mama, kwa nini ulimpelekea mkate, aliomba?" Swali lile lile la ghorofa ya juu, kwa sauti ya mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Mwingine atasema: "Kama kwenu kutamu hivyo, rudi." Ndugu yangu, ada ya shule ya watoto watatu wa marehemu kaka yangu inatoka kwenye mgongo huu unaonyanyua wazee wa watu vitandani huku. Nikirudi utanisaidia kuilipa? Tuache.

Na wa tatu, huyu ndiye namwogopa kidogo, atasema ni rangi, ni damu, wenzetu wameumbwa hivyo. Nilikuwa na mawazo hayo. Halafu mzee mmoja kazini, nilipokuwa namkata kucha, nikamhadithia kile kisa cha bahasha tucheke. Hakucheka. Akaniambia mama yake, miaka ya baada ya vita, alikuwa anakwenda Uelzen kwa baiskeli mara moja kwa mwezi, na kijiji kizima kinampa kikapu: hamira, sindano, nyuzi, dawa ya mifugo. Akasema yeye alikuwa anamngoja njia panda kwa ajili ya peremende moja. Moja, akanionyesha kidole. Nikasahau hata kucha nimefikia ya ngapi.

Nikamuuliza iliisha lini. Akafikiri kidogo, akasema, kila mtu aliponunua gari.

Basi ndiyo hivyo. Mimi nina tiketi ya mwezi, ilianza kwa yuro 49 mwaka 2023, sasa ni 63, napanda treni za kawaida nchi nzima mpaka nichoke. Hamburg kwangu siyo safari, ni kutoka tu. Nani amwagize mtu ambaye katoka tu? Hata nyumbani mambo yamegeuka, msinifanye mjinga. Nilikwenda mara ya mwisho, nikashuka na maboflo manne kutoka Tanga nikijiona bibi, shemeji yangu akayatazama akasema, "Wifi, si ungeacha tu, mikate ipo hapo dukani." Kweli ipo. Bizari unatuma hela kwa simu inakuja na bodaboda. Lile pindo la kanga halina kazi tena.

Hivyo agizo halikufa, limehama. Sasa mjini ni mimi. Ukoo mzima unaniona kama yule aliyepanda gari la alfajiri, na tofauti yangu na bibi ni kwamba sijarudi jioni. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akiandika "nyie mliovuka maji" najua mafundo yanafuata. Viatu namba 43. Kompyuta ya mpwa, "hata iliyotumika". Kipimo cha sukari cha baba mdogo, hicho sina ubishi nacho. Na sufuria. Dada yangu anataka sufuria ya Kijerumani, kubwa, ya ubwabwa wa watu thelathini, na ananiambia niiweke mkononi kama pochi. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, wakubwa wanatembeleana, ningependa kujua kama kuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa abebe sufuria. Nimelalamika, nimenuna, nimetoka kundini siku mbili nikarudi mwenyewe. Desemba nikienda, mizani ikinikubalia, ile sufuria nitaipakia, na ndani yake nitajaza viatu namba 43.

Ijumaa iliyopita nikajaribu tena. Nikapanda ghorofa ya juu, nikabisha, nikasema kesho nakwenda Hamburg, nikuletee nini?

Bibi akashangaa. Akasema asante sana, ana kila kitu. Nikaaga, nikashuka ngazi mbili, tatu. Mlango ukafunguliwa tena nyuma yangu.

"Yale ya mdalasini," akasema, "kama yapo. Lakini moja tu." Halafu, nilipokuwa nimeshatabasamu mpaka masikioni: "Na uniletee risiti."