Robo kilo ndiyo ghali: bajeti ya nyumba, Moshi na Uingereza

Kuna maneno yanarudiwa sana nyumbani: aliyeko Ulaya anaweka akiba kwa sababu mshahara wake ni mkubwa, na aliyeko Moshi haweki kwa sababu wake ni mdogo. Nusu yake ni kweli. Uingereza mshahara ni mkubwa, lakini kodi ya nyumba, malezi ya mtoto mdogo, nauli, umeme na gesi ya kupashia nyumba joto vinakula sehemu kubwa kabla hujanunua mkate. Wapo Watanzania wengi huku Uingereza wanaofika mwisho wa mwezi mikono mitupu. Tofauti ninayoiona mimi ni nyingine. Huku matumizi huja kwa mwezi, yakiwa yameandikwa. Moshi yanatoka kwa siku, mia tano hapa, elfu moja pale, na hakuna anayeyaona yakiwa pamoja.

Chukua lebo ya rafu ya dukani. Uingereza sheria inamtaka mwenye duka kubwa aonyeshe bei mbili: bei ya pakiti kwa maandishi makubwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, bei ya kilo moja, gramu 100 au lita. Mwenye bajeti husoma yale madogo. Ndipo anapogundua kwamba wakati mwingine pakiti kubwa ni ghali kuliko mbili ndogo, na kwamba mchele wa chapa ya duka lenyewe, uliowekwa rafu ya chini kabisa, unaweza kuwa nusu ya bei ya ule ulio usawa wa macho.

Sasa twende duka la mtaani Moshi, Pasua au Majengo. Sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, majani ya chai ya siku mbili. Hakuna lebo ya bei ya kilo, na hesabu hiyo hakuna anayeifanya. Tuifanye kwa bei za mfano. Dumu la mafuta la lita 5 tuseme ni shilingi 27,500, yaani 5,500 kwa lita. Kipimo cha mililita 100 tuseme ni 800, yaani 8,000 kwa lita. Familia inayotumia lita 4 kwa mwezi inalipa shilingi 10,000 zaidi kwa kununua kidogo kidogo, 120,000 kwa mwaka, na hayo ni mafuta peke yake. Ongeza sukari, sabuni, mkaa wa kopo na unga wa kilo moja moja. Anayelipa bei ya juu kuliko wote mtaani ni mwenye kipato cha chini kuliko wote, na hilo linaniuma sana.

Najua jibu: hela ya dumu zima haipo kwa siku moja. Kweli. Ndiyo maana mtu asianze na vitu vyote. Achague kimoja anachokinunua mara nyingi kuliko vingine, mara nyingi ni mafuta. Apate dumu moja, kwa hela ya mchezo wa kupokezana au kwa kubana wiki moja. Kuanzia siku hiyo, kila anapochota mafuta, aweke kwenye kopo ile ile hela ambayo angempelekea mwenye duka. Dumu likiisha, kopo linanunua dumu la pili na kubakiza chenji. Chenji hiyo ya miezi miwili mitatu ndiyo inafungua kitu cha pili: sukari kilo 5, au mche mzima wa sabuni.

Hapa watu huharibikiwa sehemu moja. Dumu likiwa jikoni, mkono unakuwa mzito, na lita 5 zinaisha kwa wiki tatu. Dawa yake ni kumimina lita moja kwenye chupa ya wiki na kulifungia dumu stoo. Chupa ikiisha Alhamisi, siku zilizobaki mnakula vya kuchemsha hadi Jumatatu.

Sado, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, nayo inahitaji macho. Sado ya lita 4 ya maharage inatoa kilo tatu na kitu, lakini zipo zilizogongwa kitako kikaingia ndani, na mashimo kama hayo yanaweza kukupunguzia nusu kilo. Mizani ndogo ya kuning'iniza itakuonyesha, ukipima nyumbani mara mbili tatu, muuzaji yupi wa soko la Mbuyuni, Moshi, au Kilombero, Arusha, ana sado ya haki. Baada ya hapo rudi kwake tu.

Mahindi ndiyo yenye hela hasa. Kilimanjaro na Arusha yanavunwa kuanzia Julai, bei inashuka kwenye Agosti na Septemba, kisha inapanda taratibu hadi masika. Familia ya watu 6 inayokula ugali mara moja kwa siku inamaliza kama kilo 1.5 za unga, kilo 45 kwa mwezi. Septemba hadi Machi ni miezi 7, kilo 315. Kwa dona hayo ni magunia 3 na debe moja. Kwa sembe ongeza karibu gunia zima, kwa kuwa pumba inabaki mashineni.

Wengi walijaribu kuweka mahindi wakakata tamaa, wakakuta vumbi tupu ndani ya gunia. Huyo ni dumuzi, yule ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania. Anashindwa kwa kukosa hewa, lakini mahindi hayafungwi bila hewa kabla hayajakauka. Ukavu unapimwa kwa chumvi. Chukua chupa kavu inayoona ndani, tia mahindi hadi robo au theluthi, tia vijiko kadhaa vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha turubaini. Ikibaki inamwagika, yako tayari. Usiruke hatua hii, kwa sababu mahindi mabichi yakifungwa yanaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kuhifadhi na tena kabla ya kusaga.

Kukosa hewa kunatokana na mifuko ya PICS, yenye nailoni mbili ndani na gunia moja nje. Puliza kila nailoni kwanza uone kama imetoboka. Jaza ya ndani, kandamiza hewa itoke, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha gunia la nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, mahali panya hafiki. Wadudu waliomo wanakufa wenyewe, bila dawa. Kosa la kawaida ni kufungua baada ya wiki mbili kuchota kilo tano: hewa inaingia na kazi yote inaharibika. Kwa hiyo nunua mifuko ya kilo 50 badala ya 100, ili ukifungua mmoja mingine ibaki imefungwa. Na dona isagwe ya wiki mbili tu, maana kiini cha hindi kina mafuta na unga wake unachacha.

Mtu asiye na hela ya magunia matatu anaweza kuungana na majirani wanne. Moshi haina haja ya kufundishwa hili na mtu wa Ulaya. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933 ili wenye vihamba vidogo, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, wauze kahawa kwa pamoja, na mjini hapo hapo kuna chuo kikuu cha ushirika. Wazee walijua kwamba mwenye kilo chache akienda sokoni peke yake anapangiwa bei. Kununua nako ni hivyo hivyo. Kaya tano zikichangia gari moja la mahindi ya Babati au Kiteto zinagawana nauli na kupata bei ya jumla.

Kwenye nishati nina maoni ambayo ndugu zangu wengi wanayapinga: umeme unaogopwa bila hesabu. Bei ya umeme wa nyumbani wa kawaida ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, ni karibu 356. Aliye kundi la matumizi madogo analipa 100, na makato hayo inakuwa 122, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya juu ni 350 kabla ya makato. Presha kuka ya umeme inaivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, kwa sababu ikishapanda joto inajizima na kuwaka yenyewe. Hiyo ni chini ya shilingi 356. Makopo ya mkaa yanayoivisha maharage hayo hayo ni bei gani kwenu? Ugumu ni bei ya chombo siku ya kwanza, na hapo ndipo mchezo wa akina mama unafaa kuliko kununua vyombo vya kabatini.

Kwa gesi hesabu ni ya mitungi. Tuseme wa kilo 6 unajazwa kwa 25,000 na wa kilo 15 kwa 57,000: wa kwanza ni karibu 4,170 kwa kilo, wa pili 3,800. Moto ukiwa wa njano na sufuria ikawa nyeusi, matundu ya jiko yameziba, unaunguza gesi bure. Yasafishe kwa sindano. Maharage na mahindi ya makande lazima yalale kwenye maji usiku kucha, maji yamwagwe asubuhi. Mwenye kapu la kuhifadhi joto, lile la nguo kuukuu na sponji, achemshe maharage kwa nguvu dakika 20 ndipo ayafunike humo na kuyaacha saa kadhaa. Asifupishe dakika hizo: maharage mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka tu, joto la kapu peke yake halitoshi.

Jioni Mbuyuni, wauzaji wanapofunga, fungu la nyanya linashuka bei, kama huku maduka yanavyobandika lebo ya njano kwenye nyama ya siku ya mwisho. Zipikwe usiku huo huo. Mnafu, ndizi na parachichi mwenye kihamba anavipata bila kutoa shilingi, na huku hatuna cha kulinganisha.

Kitu ambacho ningekichukua Uingereza na kukipeleka Moshi kama kilivyo ni kugawa gharama za mwaka kwa miezi. Watu wengi huku hulipa umeme na gesi kiasi kile kile kila mwezi, kiangazi na baridi, ili Januari isiwaue. Moshi Januari inaua kila mwaka, nayo inajulikana. Andika: ada ya shule binafsi 1,200,000, sare na madaftari 180,000, Krismasi 300,000, michango ya harusi na misiba 360,000. Jumla 2,040,000, gawa kwa 12, ni 170,000 kwa mwezi. Hiyo itoke siku hela inapoingia, ikae mahali tofauti na laini ya simu ya matumizi. Michango iwekewe kiwango cha mwaka; kadi ikija baada ya kiwango kuisha, toa kidogo au nenda ukasaidie kupika. Na kikoba chenu kikiweza, kivunje mzunguko wiki ya kwanza ya Januari badala ya katikati ya Desemba. Hela ya mgao inayotoka Desemba inaishia kwenye nauli, mbuzi na bia, halafu ada inatafutwa kwa mikopo ya kausha damu. Anayekopa 100,000 na kurudisha 130,000 baada ya mwezi ametoa zaidi ya yote aliyookoa kwenye mafuta na gesi kwa miezi miwili.

Kuna kubana nisikokubali, ambako sisi wa nje tunakuhubiri kwa urahisi mno: kukata maziwa ya mtoto, yai, au dawa ya presha ya bibi. Anzeni na robo kilo.

Na sisi tunaotuma hela tuna sehemu yetu. Elfu hamsini kila mgonjwa akipiga simu inakatwa ada ya kutuma, inakatwa kwenye ubadilishaji, inakatwa tena ikitolewa kwa wakala, na ikifika inanunua robo kilo. Tuma mara moja kwa mwezi. Agosti tuma ya magunia na mifuko yake, ukiwa umeuliza kwanza bei ya debe Mbuyuni. Novemba lipa ada moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, uombe risiti. Bei ya mahindi ikiwa juu Agosti, nunueni magunia mawili, hela ya la tatu ibaki hadi Septemba.