Saa 12 za Berlin: ratiba za reli na lawama za wanadiplomasia wa 1914

Mwanafunzi wa historia akiulizwa sababu za Vita Kuu ya Kwanza, huzitaja kwa mpangilio uleule: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa, kisha mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mwishoni huongeza kwamba diplomasia ilishindwa. Kauli hiyo ya mwisho hubeba lawama nzito bila kuchunguzwa. Huwafanya mabalozi na mawaziri wa mambo ya nje waonekane kama watu walioketi mezani wakakosa la kusema. Ukizihesabu saa walizokuwa nazo, unakuta meza yenyewe haikuwahi kuandaliwa.

Austria-Hungaria iliikabidhi Serbia masharti yake saa 12 jioni tarehe 23 Julai. Uingereza iliingia vitani saa 5 usiku tarehe 4 Agosti. Kati ya saa hizo mbili kuna siku 12 na ushei. Sasa tazama migogoro iliyotangulia. Ule wa Morocco ulianza 1905, na mkutano wa Algeciras peke yake ulichukua kuanzia Januari hadi Aprili 1906. Mgogoro wa Bosnia ulianza Oktoba 1908 ukaisha Machi 1909. Wa Agadir ulidumu kuanzia Julai hadi Novemba 1911. Vita vya Balkani vilipolipuka, mabalozi wa mataifa makubwa walikutana London kuanzia Desemba 1912 hadi Agosti 1913 chini ya Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza.

Tusidhani kwamba majira ya baridi ya 1912 yalikuwa shwari. Urusi ilikuwa imewazuia kambini askari waliokwisha kumaliza muda wao wa utumishi, na Austria ilikuwa imeongeza vikosi Galicia, mpakani. Majeshi hayo yalitazamana kwa miezi, na Machi 1913 pande zote mbili zikakubaliana kupunguza. Waliofanya kazi hiyo ni Grey, mawaziri wenzake wa mambo ya nje Sazonov wa Urusi na Berchtold wa Austria, na Kansela Bethmann Hollweg wa Ujerumani, na wote hao walikuwa bado madarakani Julai 1914. Hata mabalozi watano waliokaa na Grey, yaani Lichnowsky, Mensdorff, Benckendorff, Cambon na Imperiali, walikuwa bado London. Anayesema diplomasia ya 1914 ilikuwa dhaifu inampasa aeleze ni vipi watu walewale, katika jiji lilelile, walikuwa hodari miezi 18 nyuma.

Kilichobadilika ni majeshi ya nchi kavu. Mashindano ya manowari, yanayopewa nafasi kubwa vitabuni, yalikuwa yamepoa: Februari 1913 Tirpitz, waziri wa jeshi la majini la Ujerumani, alikwisha kukubali uwiano wa meli kubwa 16 za Uingereza kwa 10 za Ujerumani, kwa kuwa fedha zilihitajika kwingine. Sheria ya jeshi ya Ujerumani ya 1913 iliongeza askari zaidi ya 100,000. Agosti mwaka huohuo Ufaransa ikarefusha utumishi wa lazima hadi miaka mitatu. Urusi ikaidhinisha Programu Kubwa, iliyolenga kuongeza askari zaidi ya 400,000 ifikapo 1917, na ikajengewa reli za kuelekea mpaka wa magharibi kwa mikopo ya Ufaransa. Reli hizo ndizo zilizoinyima Berlin usingizi. Mpango wote wa Ujerumani ulisimama juu ya imani kwamba Mrusi ni mzito kujikusanya. Kila kilomita ya reli iliyoongezwa Poland ya Kirusi ilipunguza muda ambao Ujerumani ingekuwa nao kuimaliza Ufaransa kabla ya kugeukia mashariki.

Ni vyema kuelewa jinsi kuyaita majeshi kulivyofanya kazi, maana hapo ndipo hukumu ilipo. Kori moja ya Kijerumani, yaani divisheni mbili pamoja na mizinga na mizigo yake, ilihitaji mabehewa 6,010 yaliyopangwa katika treni 140. Daraja la Hohenzollern mjini Köln lilipitisha treni zipatazo 2,150 kati ya tarehe 2 na 18 Agosti, wastani wa treni moja kila dakika 10 au 11, usiku na mchana. Treni ikishusha watu ilikuwa lazima irudi tupu kwa njia na saa iliyopangiwa, kwa sababu mabehewa hayohayo yalisubiriwa na kikosi kingine. Farasi, majiko na risasi havikusafiri pamoja na askari. Kwa hiyo ukisimamisha zoezi katikati, unabaki na askari kwenye kituo cha kushukia wasio na risasi, mizinga iliyokwama kilomita mia nyuma, na vituo vilivyozibwa na treni zisizo na pa kwenda. Jeshi lililo katika hali hiyo ni dhaifu kuliko lilivyokuwa kabla ya kuitwa.

Urusi iliupata ugumu huo kwa njia nyingine. Sazonov alitaka kuwaita askari wa wilaya nne tu, Kiev, Odessa, Moscow na Kazan, ili aionye Austria bila kuitia hofu Ujerumani. Kidiplomasia lilikuwa wazo zuri. Kijeshi halikuwa na mpango wowote nyuma yake. Wilaya ya Warsaw ilipakana na Austria na Ujerumani kwa pamoja, na askari wa akiba wa wilaya moja walihitajika kujaza vikosi vya nyingine. Majenerali wakamweleza Kaizari Nikolai wa Pili kwamba akiita nusu, kisha akalazimika kuita jeshi zima, atakuta treni na watu wamekwisha kutumika kwa mpangilio usiofaa. Usiku wa tarehe 29 Julai aliifuta amri ya kuita jeshi lote. Jioni ya tarehe 30 akaikubali tena.

Hata hivyo jeshi la Urusi lingeweza kukaa nyuma ya mpaka wiki kadhaa bila kufyatua risasi, na la Ufaransa vilevile. La Ujerumani halikuweza. Moltke, Mnadhimu Mkuu, alikuwa ameufuta mpango wa kupita Uholanzi, hivyo majeshi yake mawili ya upande wa kulia, watu wapatao 600,000, yalipaswa kupenya kwenye uwazi mwembamba wa Liège nchini Ubelgiji, mji uliozungukwa na ngome 12 na wenye njia za reli ambazo bila hizo hakuna mkate wala baruti. Liège ilitakiwa ishambuliwe kabla Wabelgiji hawajajiandaa. Siku ya kwanza ya kuita majeshi ilikuwa tarehe 2 Agosti, na shambulio likafanyika usiku wa tarehe 5. Mpango mbadala, wa kupeleka jeshi kubwa mashariki, uliachwa mwaka 1913. Kwa Ujerumani, basi, kuita majeshi kulikuwa na maana ya kuivamia nchi ya tatu isiyohusika na ugomvi, ndani ya siku nne.

Ndiyo maana masharti ya Ujerumani yaliyopelekwa St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi, usiku wa tarehe 31 Julai yalitoa muda wa saa 12 tu wa kujibu, ya Ubelgiji jioni ya tarehe 2 Agosti yakatoa saa 12, na ya Ufaransa saa 18. Saa 12 hazitoshi hata kusafirisha pendekezo kwa simu ya maandishi, kulifumbua, kuliita baraza la mawaziri, kuandika jibu kwa maandishi ya siri na kulirudisha. Grey alipendekeza mkutano wa mataifa manne tarehe 26 Julai, na tarehe 27 Ujerumani ikaukataa. Asubuhi ya tarehe 28 Kaisari Wilhelm wa Ujerumani alisoma jibu la Serbia, akaandika kwamba sababu yote ya vita imeondoka, akapendekeza Austria iishie Belgrade na izungumze. Mnamo saa 5 asubuhi siku hiyohiyo Vienna ilikuwa imekwisha kutangaza vita kwa telegramu. Tarehe 30 Bethmann akiisihi Vienna ikubali usuluhishi, Moltke alikuwa anamhimiza mwenzake Conrad, Mnadhimu Mkuu wa Austria, aite majeshi dhidi ya Urusi. Berchtold alibaki akiuliza ni nani hasa anayetawala Berlin.

Upande wa pili una hoja nzito, na haki unayo kusikilizwa. Unasema ratiba ni karatasi, na karatasi huandikwa na watu. Tarehe 5 na 6 Julai Kaisari na Bethmann waliiahidi Austria kuiunga mkono kwa lolote, na hakuna treni iliyowalazimisha. Masharti kumi kwa Serbia yaliandikwa ili yakataliwe. Yalicheleweshwa makusudi mpaka Rais Poincaré na Waziri Mkuu Viviani wa Ufaransa waondoke St. Petersburg, ili washirika hao wasipate kushauriana ana kwa ana. Hapo mwanadiplomasia ndiye aliyeigeuza saa kuwa silaha. Tarehe 1 Agosti Kaisari alipotaka jeshi zima ligeuzwe mashariki, Moltke alimjibu haiwezekani. Baada ya vita Jenerali von Staab, ofisa wa reli, alipiga hesabu akaonyesha kwamba majeshi manne kati ya saba yangefika mashariki kufikia tarehe 15 Agosti. Kama ni hivyo, neno “haiwezekani” lilikuwa uamuzi wa mtu.

Nayakubali haya, isipokuwa hitimisho lake. Staab alikokotoa akiwa na utulivu na miaka. Moltke aliulizwa jioni moja, naye hakuwa na mpango mwingine kabatini. Upanuzi wa jeshi usioambatana na mpango wa kusubiri humnyima uhuru hata mtawala anayetaka kurudi nyuma. Wilhelm, pamoja na makosa yake yote, alijaribu kurudi nyuma mara mbili ndani ya siku tano.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa jambo hili. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya bonde la Kongo, kwa tafsiri pana iliyofika hadi pwani yetu, yabaki nje ya vita ikiwa pande husika zingeridhia. Ubelgiji ililiulizia jambo hilo mwanzoni mwa Agosti, na Gavana Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alilitaka. Lakini tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikuwa imekwisha kuipiga mizinga Dar es Salaam kwa sababu ya mtambo wake wa redio. Tarehe 15 Wajerumani wakaiteka Taveta, na tarehe 22 wakaipiga Lukuga, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Wapagazi waliokufa kwa maelfu mengi hadi Novemba 1918 walibebeshwa vita ambavyo kifungu cha kuvizuia kilikuwapo, kikakosa wiki mbili za kusomwa.

Na wiki mbili zilikuwapo. Conrad alimwambia Berchtold kwamba jeshi la Austria halitaweza kuishambulia Serbia kabla ya tarehe 12 Agosti, kwa hiyo hakuna haja ya kutangaza vita mapema. Berchtold akajibu kwamba hali ya kidiplomasia haitadumu hivyo hadi siku hiyo, akatangaza vita tarehe 28 Julai. Austria ilivuka mto kuingia Serbia tarehe 12 Agosti, kama Conrad alivyosema. Kati ya tangazo na shambulio zilipita siku 15. Wakati jeshi lenye ugomvi halijawa tayari kupigana, Ujerumani, Urusi, Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza zilikuwa zimekwisha kuingia vitani.