Tiketi ya Virginia, leseni ya New Jersey

Madereva wawili wanapita jimbo la Virginia, Marekani, kwenye barabara kuu yenye kikomo cha maili 65 kwa saa. Wote wanapimwa wakienda 78, wote wanaandikiwa tiketi ya kosa la barabarani, wote wanalipa faini. Mwenye leseni ya New Jersey anaongezewa nyumbani pointi 2, yaani alama za makosa kwenye rekodi ya leseni yake. Wa New York haongezewi hata moja, kwa sababu New York haihesabu pointi za mwendo kasi wa nje ya jimbo, isipokuwa kosa likitokea Ontario au Quebec, Kanada.

Kwa hiyo ule ushauri tunaopeana sisi wahamiaji, kwamba tiketi ya jimbo la mbali ukishailipa imekwisha, ni wa hatari. Tangu miaka ya 1960 majimbo mengi ya Marekani yamefungwa na mkataba wa leseni ambao msingi wake ni dereva mmoja, leseni moja, rekodi moja. Jimbo lililokutia hatiani hupeleka taarifa kwa jimbo lililokupa leseni, nalo huamua kwa sheria zake. Georgia na Michigan hazimo, lakini hilo si kinga, maana taarifa hupita njia nyingine pia.

Wanaoutetea mkataba wana hoja nzito. Gari linalokwenda kasi linaua bila kujali limesajiliwa wapi, na bila mkataba mtu angeharibu rekodi jimbo hadi jimbo huku leseni yake ikibaki safi. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Ninapotofautiana nao ni kwenye utetezi. Mkazi wa Ohio aliyeandikiwa tiketi Wyoming akitaka kuipinga, huenda akalazimika kupoteza siku kadhaa za kazi na nauli inayozidi faini yenyewe. Basi analipa kwa posta, hata kama anaamini hakukosa, na kwa kawaida kulipa ni kukiri kosa. Kuipuuza ni kubaya zaidi: mkataba mwingine, wa mwaka 1977, unaruhusu jimbo la nyumbani kuisimamisha leseni mpaka tiketi ishughulikiwe.

Hata adhabu zenyewe hazina mizani. New Jersey hutoa pointi 2 tu kwa mwendo kasi wa nje, lakini aliyepita kikomo kwa maili 30 au zaidi ndani ya jimbo hupata 5. Na asiye na pointi asishangilie mapema, kwa kuwa kampuni ya bima huangalia kosa lililo kwenye rekodi.

Anayeumia zaidi ni dereva wa lori, kazi inayolisha familia nyingi za Wakongo na Waafrika Mashariki huku Marekani. Kwa sheria za shirikisho, akitiwa hatiani mara mbili ndani ya miaka 3 kwa kupita kikomo kwa maili 15 au zaidi akiwa na lori, hata katika majimbo tofauti, haendeshi lori kwa siku 60. Tena majimbo yamekatazwa kumfichia hatia hiyo.

Ukali huo sitaki ulegezwe. Lori la tani 36 halina msamaha likikosa breki. Ninachodai ni kusikilizwa. Wakati wa korona mahakama kadhaa zilisikiliza kesi kwa video. Mahakama ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu, inayopokea faini za wapita njia kila wiki, iwape nao nafasi hiyo kabla hatia haijatumwa kwao.