Kufiya Bila Jina Lake

Ijumaa moja mpwa wangu alikuja nyumbani amejifunga shingoni kitambaa cheupe chenye miraba myeusi, vishada vinaning'inia kifuani. Kakinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Nikamuuliza kama anajua alichovaa. "Mjomba, hii ni skafu tu. Ndiyo inayotoka sasa hivi." Dada yangu, mama yake, akadakia kwamba jirani ameshamuuliza mtoto amejiunga na nani siku hizi. Kijana akacheka. "Nguo ni nguo tu."

Nilikishika kile kitambaa nikakigeuza. Upande wa pili miraba ilikuwa imefifia, kwa kuwa haikufumwa, ilipigwa chapa juu ya nguo iliyokwisha kutengenezwa. Kufiya, yaani kitambaa hicho cha kichwani cha Waarabu, ikiwa imefumwa, nakshi yake imo ndani ya nyuzi zenyewe, mtande na mshindio, za urefu na za upana, na ukipitisha kidole unaisikia ikipanda na kushuka. Hiki kiliteleza kama mfuko wa nailoni.

"Nguo ni nguo tu" ni hoja nzito, na wanaoishikilia si vijana peke yao. Nitaipa haki yake. Lakini ninaandika kwa sababu naona upande wa pili, wa Wapalestina, ambao kitambaa hiki ni alama yao, na wanaosimama nao, hausikiki vizuri huku kwetu. Tunadhani wanasema: msivae, hii ni yetu. Nimewasikiliza kwa muda mrefu, na wengi wao hawasemi hivyo.

Kwanza hoja ya kijana. Kufiya haikuzaliwa na siasa. Ni kitambaa cha jua na vumbi, kilichovaliwa na wakulima na Mabedui kuanzia Iraq hadi Sham (Syria na jirani zake) na Bara Arabu, na jina lake wengi hulihusisha na mji wa Kufa, huko Iraq. Neno letu kofia limetoka hukohuko. Jordan ina yake ya nyekundu na nyeupe, Wakurdi wana zao. Walinzi wa Kiyahudi wa Hashomer, mwanzoni mwa karne ya 20, waliivaa wakilinda makazi yao ndani ya Palestina hiyohiyo. Askari wa Marekani na Uingereza walijifunga mdomoni Iraq na Afghanistan kuzuia mchanga. Nguo husafiri, na sisi watu wa pwani hatuwezi kujifanya hatujui: kanzu hatukumwomba mtu ruhusa, na kumma ya Muomani ni ndugu wa damu wa kofia yetu ya viua, imevuka bahari kutoka huku kwenda kule. Anayetaka kila kabila livae cha kwao tu atatuacha wengi wetu uchi.

Kwa hiyo kama swali ni nani ana ruhusa ya kuvaa, kijana ameshinda. Ila nadhani swali ni jingine.

Palestina ya miaka ya 1930 ilikuwa chini ya Waingereza, na kichwa cha mtu kilieleza tabaka lake. Mabwana wa mjini, maefendi, walivaa tarbushi, ile kofia nyekundu yenye shada. Kufiya ilikuwa ya mkulima, na mjini ilidharauliwa. Uasi dhidi ya Waingereza ulipoanza mwaka 1936, wapiganaji wengi walitoka vijijini, na kufiya ndiyo iliyowaumbua wakiingia mjini, maana askari alihitaji kutazama kichwa tu. Agosti 1938 viongozi wa uasi wakatoa amri: wanaume wa mjini wavue tarbushi, wavae kufiya. Kwa muda mfupi wakili na mchukuzi, Mwislamu na Mkristo, wakafanana vichwani, na askari hakuweza tena kumchagua mtu kwa kumtazama. Wengine walitii kwa moyo, wengine kwa kuogopa waasi, hilo lisifichwe. Uasi ulipozimwa mwaka 1939, maefendi wengi walirudia tarbushi zao. Lakini kitambaa kilishabeba jambo ambalo halikutoka tena: siku mtu wa mjini alipojificha ndani ya vazi la mkulima, au alipomficha mkulima ndani ya umati, vyovyote utakavyolitazama.

Yaliyofuata msomaji anayajua. Picha ya Leila Khaled, mwanamke wa Kipalestina aliyeteka ndege, mwaka 1969; Arafat, kiongozi wa Wapalestina, jukwaani Umoja wa Mataifa mwaka 1974, kufiya yake imelazwa begani kwa namna ambayo wengi waliisoma kama ramani ya nchi yao. Nakshi nazo zina usomaji wake: nyavu za wavuvi, majani ya mzeituni, njia za biashara. Kama mfumaji wa kwanza alikusudia hayo au la, sioni kama linabadilisha kitu. Mtu aliyepoteza shamba la mizeituni akiona majani ya mzeituni kitambaani, yamo.

Hapa ndipo nashangaa sisi tunaposhindwa kuelewa, kwa sababu tuna kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke akijifunga kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" akapita mlangoni kwa jirani waliyekosana, hawezi kusimama mbele ya wazee akasema nilipenda rangi. Labda kweli alipenda rangi. Lakini jina limeshasomwa, na waliolisoma hawakukosea kusoma. Nia ya mvaaji ni jambo moja, na kinachosemwa na vazi ni jingine. Bibi zetu walilijua hilo. Mtu akichukua pindo na mji akakata jina, akaiuza kama kitambaa cha ufukweni, kanga haijaibwa. Tunazo nyingine kabatini. Lakini imefanywa bubu, na mwenye kuijua anauona ububu huo toka mbali.

Malalamiko ya Wapalestina juu ya fasheni nayasikia hivyo. Mwanzoni mwa 2007 maduka ya Urban Outfitters, Marekani, yaliuza kufiya zikiitwa skafu za kupinga vita. Kelele zilipopigwa, kampuni ikaziondoa na kuomba radhi, na walioombwa radhi walikuwa walioudhika kuona alama ya Wapalestina dukani. Mwaka huohuo nyumba ya mitindo ya Balenciaga ikaipandisha jukwaani Paris. Mwaka 2008 Dunkin' Donuts wakafuta tangazo lao kwa sababu mpishi Rachael Ray alionekana na skafu nyeusi na nyeupe iliyofanana na kufiya kwa mbali tu. Tazama mambo mawili yalivyokwenda pamoja. Sokoni jina lilifutwa ili kitambaa kiuzike. Nje ya soko jina lilisomwa kwa hasira hata mahali ambapo halikuwepo. Kisha Juni 2021, wiki chache baada ya siku 11 za mabomu Gaza, nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ikawa inauza yake ya buluu na nyeupe kwa dola 705. Rangi za bendera ya Israeli, waliolalamika wakasema. Huenda mbunifu hakuwaza bendera yoyote. Ikaondolewa kwenye tovuti.

Nyumba hiyohiyo ya mitindo, kwenye mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012, ilitumia miraba ya shuka la Wamaasai. Nalo shuka lililetwa na biashara. Mababu walivaa ngozi. Lakini nenda Monduli umwambie mzee shuka si la Kimaasai kwa kuwa lilikuja na wafanyabiashara, uone atakavyokutazama.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko hilo la majukwaa ya Paris. Mjini al-Khalil, ambao wengine huuita Hebron, kuna kiwanda cha familia ya Hirbawi. Kilianzishwa mwaka 1961 na Yasser Hirbawi, kikitumia mashine za kufuma za Suzuki kutoka Japani. Mwaka 1990 mashine zote 16 zilikuwa zinafanya kazi, na zilitoa kufiya zipatazo 750 kwa siku. Kufikia 2010 zilikuwa zinafanya kazi mashine 2, na kufiya zilikuwa 300. Kwa wiki.

Nimezirudia hesabu hizo mara nyingi. Tuchukue siku sita za kazi: 4,500 kwa wiki zimekuwa 300, yaani sehemu moja kati ya kumi na tano. Na imekuwa lini? Katika miaka ileile ambayo kufiya ilivaliwa duniani kuliko wakati wowote kabla yake, London, Berlin, Tokyo, kwa waridi, kwa zambarau, kwa kijani cha ndimu. Mahitaji yalipanda na mfumaji akaanguka. Kwa kawaida kitu kikipendwa, mwenye nacho hushiba. Huyu alikaa kati ya mashine 14 zilizonyamaza, huku alichokifuma kikining'inia kila dirisha la duka.

Mtetezi wa soko atanijibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Atasema baada ya mapatano ya Oslo kati ya Israeli na Wapalestina mwaka 1993 milango ya bidhaa ilifunguliwa, nguo za bei nafuu zikaingia kutoka China, na Wapalestina wenyewe ndio waliozinunua kwanza kwa sababu mifuko yao ilikuwa mitupu. Atanikumbusha viwanda vyetu vya nguo, Urafiki hapa Dar, Mwatex kule Mwanza, Kicomi Kisumu, na kunitajia kanga na vitenge tunavyovaa leo vimetoka wapi. Kwamba hakuna aliyekula njama dhidi ya Hirbawi. Atasema pia kwamba fasheni, pamoja na makosa yake, ilimfikishia kitambaa kile kijana ambaye asingefungua gazeti kusoma habari za Palestina. Na vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 maagizo yalifurika al-Khalil kuliko kiwanda kilivyoweza kufuma, na baadhi ya waagizaji, sina shaka, walianza kama mpwa wangu, kwa kupenda rangi.

Nakubali karibu yote. Lakini ona kilichowarudisha wanunuzi: jina. Watu walipotaka kujua kitambaa kimefumwa wapi na kinasema nini, walimtafuta aliyekifuma. Miaka yote ambayo kilikuwa skafu tu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtafuta.

Kuna jambo jingine, na ni zito zaidi ya biashara. Novemba 25, 2023, mjini Burlington, jimbo la Vermont, vijana watatu Wapalestina, wanafunzi wa chuo, walipigwa risasi wakitembea barabarani wakizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu. Wawili walikuwa wamevaa kufiya. Mmoja alipooza. Mshitakiwa alikana mashitaka. Familia zao zinaamini walipigwa kwa walivyovaa na walivyosema. Mwezi mmoja nyuma, mamlaka ya elimu Berlin iliruhusu shule kuwakataza wanafunzi kuivaa, katika nchi ambayo vijana wa mrengo wa kushoto wameivaa tangu miaka ya 1960. Aprili 2024 Spika wa Bunge la Ontario, Kanada, Ted Arnott, aliipiga marufuku, na mbunge Sarah Jama akaamriwa atoke ukumbini kwa kukataa kuivua, ingawa hata Waziri Mkuu wa jimbo, Doug Ford, alisema marufuku hiyo iondolewe. Septemba mwaka huo Jumba la Makumbusho la Noguchi, New York, lilifukuza wafanyakazi watatu kwa ajili yake, na mwandishi Jhumpa Lahiri akaikataa tuzo ya jumba hilo.

Wanaopiga marufuku nao wana la kusema. Wapo Wayahudi wanaoiona kufiya wakakumbuka ndege zilizotekwa, mabomu ya kwenye mabasi, na shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023. Hofu hiyo ni ya kweli na haifutiki kwa kuambiwa ni vazi la wakulima. Mwalimu mwenye watoto wa pande zote darasani ana kazi ngumu kuliko mimi ninayeandika nikiwa Dar. Ila kitambaa kinachokatazwa hivyo kina maneno; hakuna anayepiga marufuku skafu tu. Na ndiyo maana siwezi kumwachia mpwa wangu sentensi yake. Kitambaa kimoja hakiwezi kuwa pambo lisilo na maana kwa dola 705 dirishani, kisha kikawa na maana ya kutosha kumfukuzisha mtu kazi mtaa wa pili. Mwenye kukivaa kama pambo ana uhuru wa kukivua akichoka. Kijana wa Burlington hakuwa na uhuru huo. Hata angekivua, angebaki na lugha yake mdomoni.

Hukumu yangu basi ni hii. Vaa. Wapalestina wengi niliowasoma na kuwasikiliza wanataka ivaliwe, na wafumaji wa al-Khalil wanataka iuzwe. Lakini ukiulizwa umevaa nini, usijibu "skafu tu", kwa sababu jibu hilo ndilo linalokata jina. Na kampuni yenye mbunifu, mwanasheria na mtafiti haina kisingizio cha kijana wa Kariakoo. Yeye hakuambiwa, wao walijua na wakaamua kutosema.

Nilimweleza mpwa wangu habari za Agosti 1938, tukiwa tumekaa barazani, kitambaa kiko mapajani mwake. Alisikiliza kuliko nilivyotarajia. Swali lake la kwanza halikuwa la siasa. Aliuliza, "Kwa hiyo ya kweli bei gani, mjomba?" Tukaitafuta kwenye simu yake, tovuti ya kiwanda, tukajumlisha na gharama ya kuisafirisha hadi Dar es Salaam, na ikawa mara kadhaa ya aliyolipa Mtaa wa Kongo. Akaitazama picha kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili hadi nyuzi zikaonekana.

Amesema atadunduliza.